Kosa la Nani: Mfanyakazi au Mfumo?

Msikilizaji, lile gari lililotumika kutoka Japani, unalopanda kila asubuhi kwenda kazini, lina hadithi ya Mmarekani mmoja ndani yake. Ni William Edwards Deming, mtakwimu aliyezaliwa Iowa mwaka 1900. Mwaka 1950 aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda vya Japani, nchi iliyokuwa bado inajiinua baada ya vita, namna ya kulinda ubora wakati kitu kinatengenezwa, badala ya kungoja kikamilike ndipo kikaguliwe. Mwaka uliofuata Wajapani wakaanzisha tuzo kwa jina lake. Na kwao Marekani? Wengi walimfahamu mwaka 1980, kupitia kipindi cha televisheni, akiwa na miaka 79!

Sasa, hili linakuhusu vipi? Deming alikadiria kuwa asilimia 94 ya matatizo kazini hutokana na mfumo, na mfumo hupangwa na wakubwa. Ndiyo maana alipinga kumpa mfanyakazi alama kila mwaka. Fikiria karani anayefokewa kwa sababu ya foleni, kumbe kompyuta ni moja, tena mbovu.

Kwa upande mwingine, mameneja wanauliza: bila malengo na alama, mvivu atajulikanaje? Na wapo wanaosema sifa kubwa ya ubora wa bidhaa za Japani ni ya Wajapani wenyewe, si ya Deming. Hilo la pili, kwangu, ndilo lenye uzito zaidi.

Nikuache na swali: mara ya mwisho kazi ilipoharibika hapo kwenu, ni nani aliyekatwa mshahara, na je, kuna aliyeuchunguza mfumo?