Muulize Binti Yako

(Maneno aliyoyasema mama mmoja muuguzi kwenye sherehe yetu ya Uhuru)



Mimi ni muuguzi. Shahada yangu niliipata hapa hapa Uingereza, na kazini nawauliza wagonjwa mambo ya siri kila siku. Lakini binti yangu alipofika miaka 13, akawa analalamika goti kila Jumamosi ya mechi, nilimpaka dawa nikamwambia apumzike. Akakosa mechi tatu. Ndipo kocha wao, mama mmoja mpole, akanivuta pembeni: “Goti ni zima. Tatizo ni bukta nyeupe.”

Nilitahayari. Mtoto aliogopa hedhi imchafue mbele za watu, na mama yake muuguzi hakumuuliza.

Hofu hiyo si ya watoto tu. Mwaka 2023 timu ya taifa ya wanawake ya England iliacha bukta nyeupe ikavaa za buluu, baada ya wachezaji kueleza wasiwasi huo huo.

Basi wazazi, nawaomba manne. Begi la michezo liwe na pedi, taiti nyeusi ya kuvaa ndani, na sidiria ya michezo inayomkaa sawa. Binti akichoka kupita kiasi, au hedhi ikiwa nzito, apelekwe kwa daktari apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma si uvivu. Hijabu isimweke benchi: FIFA iliiruhusu rasmi mwaka 2014. Na vyombo vya Jumamosi aoshe kaka yake pia, maana yeye huenda mazoezini bila kuulizwa kitu.

Akina baba, nendeni mkasimame pembeni ya uwanja hata mvua ikinyesha. Msimfokee. Mpeni maji.

Mabinti, mwaka 1965 Theresia Dismas alituletea medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Brazzaville. Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Hao ni wa kwetu.

Wangu alirudi uwanjani. Siku hizi akitaja goti, namuuliza: “Goti, au bukta?” Tunacheka, kisha ananiambia ukweli.