Njia Tulivu za Baiskeli: Kariakoo na Mfano wa Milima ya Usambara

1. Maana ya njia tulivu

Njia tulivu ya baiskeli ni ile ambayo mpanda baiskeli hagombei nafasi na gari. Si lazima iwe na lami, wala si lazima iwe mbali na watu. Barabara ya changarawe inayouzunguka mlima ni njia tulivu; kichochoro cha nyuma ya maduka nacho kinaweza kuwa hivyo, na hata barabara kuu iliyofungwa kwa magari siku ya Jumapili. Utulivu huo una vyanzo vitatu: gari haliwezi kupita, gari halina faida ya kupita, au gari limezuiwa kupita. Mada hii inavipima vyanzo hivyo katika sehemu mbili ambazo biashara ya mboga imeziunganisha kwa miaka mingi: milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

2. Utulivu wa milimani

Kutoka Mombo, mji mdogo ulio chini ya milima, barabara ya lami hupanda kupitia Soni hadi Lushoto kwa karibu kilomita 33. Katika mwendo huo kimo huongezeka kwa takriban mita 1,000. Kupita Lushoto, ukielekea Magamba na kuendelea upande wa Mlalo na Mtae, njia nyingi ni za udongo mwekundu na changarawe. Hupenya msituni, hukata mashamba ya matuta, kisha hutokea ukingoni ambako tambarare ya Mkomazi huonekana yote chini.

Hakuna aliyepiga marufuku magari huko. Kona ni kali, mteremko ni mrefu, na dereva asiye na shughuli kijijini hana sababu ya kupita. Utulivu wa Usambara basi ni wa chanzo cha pili: faida haipo. Ndiyo maana hukatika faida inapojitokeza. Siku ya gulio malori hushuka na kabeji, karoti, nyanya na pilipili hoho kwenda masoko ya mijini, Kariakoo likiwamo, na mpanda baiskeli hulazimika kusimama pembeni vumbi litulie. Masika nayo, kati ya Machi na Mei, hugeuza udongo kuwa utelezi. Njia iliyopitika kirahisi Januari huweza kuhitaji kusukuma baiskeli Aprili.

3. Baiskeli inayofaa

Baiskeli za changarawe zinazouzwa Ulaya na Marekani hufanana na za mashindano ya lami, ila tairi zake ni pana zaidi, kwa kawaida milimita 35 hadi 50, na hujazwa upepo kiasi ili zimeze mawe madogo badala ya kuyaruka. Gia nyepesi husaidia kupanda, na breki za diski husaidia kushuka.

Baiskeli ya kazi inayojulikana Kariakoo, Phoenix ya China au Avon ya India, ina tairi la inchi 28 kwa moja na nusu, yaani karibu milimita 40. Kwa upana wa tairi peke yake, baiskeli hiyo imekuwa ya changarawe tangu zamani bila kuitwa hivyo. Tofauti iko kwingine. Ina gia moja, breki zake za vyuma hulegea kwenye mteremko mrefu, na uzito wake hufikia karibu kilo 20 kabla ya kufunga mzigo kwenye keria. Kuna pia jambo ambalo fundi hulijua na mnunuzi huligundua akiwa amechelewa: rimu ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635, na ya baiskeli nyingi za changarawe ni milimita 622. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine, ingawa zote mbili huitwa namba 28.

4. Mpangilio wa Kariakoo

Jina Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, cha Vita Kuu ya Kwanza. Mitaa yake ilichorwa kwa mistari iliyonyooka inayokatana kwa pembe mraba, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kuwatenga wakazi Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilikamilika katikati ya miaka ya 1970, likaungua Julai 2021.

Mpangilio wa mraba ungepaswa kumpendeza mpanda baiskeli, kwa kuwa kila mtaa una mwenzake sambamba, na ukifungwa mmoja, wa pili uko wazi. Lakini faida hiyo hiyo huitumia bajaji, bodaboda, guta, mkokoteni na lori linaloshusha mzigo. Hapa kila chombo kina faida ya kupita kila mtaa.

5. Utulivu wa saa na utulivu wa umati

Kariakoo ina utulivu wa aina mbili usiohitaji ujenzi. Wa kwanza ni wa saa. Kabla ya jua kuchomoza, muuza mikate hupita Mtaa wa Uhuru na sanduku lililofungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Hapigi kengele, kwa sababu hakuna wa kumpisha. Saa mbili asubuhi mtaa huo huo humtaka ashuke.

Wa pili ni wa umati, mfano wa chanzo cha kwanza. Mtaa wa Kongo, wachuuzi wanapotandaza bidhaa, hupitisha magari machache kuliko mitaa mingi ya jirani. Kwa kipimo cha magari tu, ungehesabiwa kuwa njia tulivu. Ila nafasi aliyoachiwa mtembea kwa miguu ni upana wa mabega, na baiskeli hupita ikisukumwa. Kutokuwepo kwa gari, basi, hakutoshi. Lazima ibaki nafasi ya usukani kupita.

6. Utulivu wa kujengwa

Chanzo cha tatu, kuzuia, kiliingia na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi Mei 2016. Awamu ya kwanza, yenye takriban kilomita 21, iliunganisha Kimara na Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, pamoja na matawi ya Morocco na ya Gerezani kupitia Mtaa wa Msimbazi. Njia za waenda kwa miguu na baiskeli zilijengwa kandokando.

Njia hizo hutenganisha baiskeli na magari, lakini hazina ulinzi dhidi ya vingine. Penye kituo kuna bodaboda wanaosubiri abiria. Penye kivuli kuna meza ya biashara. Penye makutano kuna ukingo wa zege unaomlazimu mpandaji kuinua gurudumu. Bonde la Jangwani nalo hufurika mvua zinapokuwa kubwa, na Barabara ya Morogoro hukatika kwa wote.

Miji mingine imezuia magari kwa saa badala ya zege. Bogotá, Kolombia, ilianza kufunga barabara kwa ajili ya baiskeli siku za Jumapili mwaka 1974, na Kigali ilianza siku zake bila magari mwaka 2016. Njia hii inaifaa Kariakoo kwa kuwa inaongeza muda wa utulivu ambao tayari upo alfajiri.

7. Kuunganisha vipande

Kutoka Kariakoo hadi Kivukoni ni kama kilomita 3: Mtaa wa Msimbazi hadi kituo cha Fire, kisha Kisutu, Posta ya Zamani na ufukweni. Kwa baiskeli ni safari ya robo saa, na karibu yote ni tambarare. Ugumu uko katika usimamizi. Barabara kuu ziko chini ya wakala wa TANROADS, mitaa ya ndani chini ya wakala wa TARURA, mabasi ya mwendokasi chini ya wakala wa DART, na biashara za pembezoni chini ya halmashauri. Ukingo wa zege kwenye makutano mara nyingi huwa mahali ambapo madaraka ya mmoja yanaishia na ya mwingine hayajaanza.

Hatua tatu zinatosha kuanzia: kuteremsha kingo za makutano katika mkondo huo mmoja, kuwatengea bodaboda maegesho nje ya njia ya baiskeli, na kupanga saa za malori kushusha mzigo ili mitaa miwili mitatu sambamba ibaki wazi asubuhi. Usambara, mlima huifanya kazi ya kupunguza magari bila kuulizwa. Kariakoo, kazi hiyo hufanywa na ratiba na nguzo ya chuma ya kuzuia magari, na anayezisimamia inabidi ajulikane.