Bendera ya Ikabodi

Leo tunataka tusimuliane habari za Dayosisi ya Mombasa, maana wako Wakristo wengi waendao kanisani kila Jumapili, wakatoa na sadaka, wala hawajui nyumba yao ilijengwa namna gani.

Ilipoanzishwa mwaka 1884 iliitwa Dayosisi ya Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Jina lilikuwa refu, na mipaka mirefu zaidi: kutoka pwani hii yetu mpaka maziwa makuu. Haya yote alipewa mchungaji mmoja, Askofu James Hannington, ayazungukie kwa miguu.

C.M.S. walikuwako hapa kabla yake. Krapf alishuka Mombasa mwaka 1844, na katika miezi michache akamzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakakaa Rabai. Haya twayajua, tumefundishwa shuleni. Wasiotajwa sana ni William Jones na Ishmael Semler, waliofika Rabai mwaka 1864. Hawa walikuwa Waafrika waliookolewa utumwani wakiwa wadogo, wakasomeshwa Nasik, huko Bara Hindi. Mwaka 1885 Hannington akawapa ushemasi pale Freretown, mji uliojengwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru.

Julai ya mwaka huo askofu akafunga safari ya Buganda, na shemasi Jones akafuatana naye. Walipofika kwa Sundu, upande wa Mumias, askofu akatangulia na watu wapatao 50. Jones akabaki na msafara uliosalia, angoje neno. Neno likaja kwa vinywa vya wachache waliookoka: askofu ameuawa Busoga tarehe 29 Oktoba, na wapagazi wake karibu wote pamoja naye.

Hebu tumfikiri shemasi huyu. Ushemasi wake haujatimiza hata mwaka. Yuko mbali na kwao, ana watu wengi wa kulisha, na aliyemwekea mikono hayupo tena. Jones akawarudisha watu wake mpaka pwani. Februari 1886 waliingia Rabai wamechoka, nguo zimechakaa, na aliyetangulia alichukua bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Msomaji wa Samweli wa Kwanza analijua jina hilo. Ni la mtoto aliyezaliwa siku sanduku la Mungu lilipotekwa, na maana yake ni kwamba utukufu umekwenda zake.

Sisi hatumlaumu Jones kwa bendera ile; msiba ni msiba. Lakini tazameni ni nani aliyekuwa nyuma yake. Ni msafara mzima, umerudi nyumbani, na aliyeuongoza ni mtoto aliyewahi kuuzwa kama mbuzi. Askofu amekufa, na kanisa linatembea.

Askofu wa pili, Parker, naye alikufa kwa homa mwaka 1888, kusini ya ziwa Viktoria. Akaja Tucker mwaka 1890. Mwaka 1898 eneo likagawanywa, Uganda ikawa mbali na Mombasa mbali, na Askofu Peel akashika Mombasa mwaka 1899. Kanisa kuu la ukumbusho lililoko mjini liliwekwa wakfu mwaka 1905. Mwaka 1927 Tanganyika ya Kati ikajitenga. Mwaka 1955 Festo Olang' na Obadiah Kariuki wakawekwa wakfu kuwa maaskofu wasaidizi. Mwaka 1961 Mombasa ikazaa tena, Maseno, Nakuru na Fort Hall, na Nairobi ikafuata mwaka 1964. Mwaka huohuo Peter Mwang'ombe akawa askofu wa Mombasa. Taita Taveta ikapata dayosisi yake mwaka 1993.

Kila mara ya kugawana, wako walioona ni Ikabodi. Hata leo parishi ikikatwa mbili utasikia manung'uniko: shule itakuwa upande gani, gari litabaki kwa nani, na matajiri wetu wamekwenda kule. Maswali hayo si ya kuchekwa, maana kasisi hula na watoto wake husoma. Ndiyo sababu tuna sinodi, ambamo askofu hukaa pamoja na makasisi na walei, na yule mama aliyechaguliwa na parishi yake ya kijijini ana haki ya kusimama na kuuliza habari za fedha. Askofu hustaafu au hufa. Kiti kikiwa wazi, ibada huendelea, watoto hubatizwa, na hesabu husomwa.

Nanyi mlioko parishi ambazo zangoja kasisi mwezi wa sita sasa, msomaji wenu wa kanisa akiendesha ibada kwa koti lililopauka, mkumbukeni shemasi Jones pale kwa Sundu, asubuhi ile alipowaambia wapagazi wafunge mizigo.