Kujua kwa Sehemu: Tumaini la Kikristo Mbele ya Duara

Sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu inaanzia machimboni. Inamsifu mchimbaji anayening'inia shimoni, mbali na njia za watu, akitoa nje kilichofichika. Kisha inauliza, hekima je, inachimbwa wapi? Jibu ni kwamba njia yake anaijua Mungu peke yake. Hoja yangu inatoka hapo. Mkristo anapokiri kwamba anamjua Mungu kwa sehemu tu, hapunguzi tumaini lake. Analikinga lisigeuke ramli. Paulo, alipowaandikia Wakorintho katika miaka ya 50, alieleza kujua huku kwa sehemu kwa mfano wa kioo. Vioo vya enzi hizo vilikuwa vya shaba iliyosuguliwa: uso ulionekana kwa ukungu, lakini haukuwa uso wa mtu mwingine.

Hapa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, jambo hili la kujua kwa sehemu halihitaji mkalimani. Jiwe hutolewa duarani, yaani kwenye shimo la mchimbaji, likasagwa kwenye mashine ya karasha, likaoshwa, na zebaki ikakamata dhahabu. Haikamati yote. Ndiyo maana marudio, yaani mchanga unaobaki, hayatupwi: yana bei, na yakilowekwa kwenye sianidi hutoa dhahabu iliyoponyoka mara ya kwanza. Hata hivyo ile gramu ya kwanza ilikuwa dhahabu kweli. Kilichopungua ni kiasi. Mfano wangu unachechemea mahali pamoja, nakubali: Mungu si mwamba wa kupondwa, na tunachokijua kumhusu amekifunua mwenyewe. Tena zebaki ikichomwa hutoa mvuke wenye sumu, tatizo lililouleta hapa mradi wa Umoja wa Mataifa miaka ya 2000. Zipo njia za kutafuta zinazomdhuru mtafutaji.

Na zipo zinazomdhuru jirani. Mpiga ramli hasemi kamwe kwamba hajui. Anamtaja aliyefunga duara kwa uchawi lisitoe dhahabu, anataja kiungo cha mwili wa mtu cha kulifungua. Katika Kanda ya Ziwa uhakika wa namna hiyo umewagharimu maisha vikongwe wenye macho mekundu na watu wenye ualbino, hata Januari 2015 serikali ya Tanzania ikawapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Anayedai kuijua siri yote hana sababu ya kungoja. Anayekiri kutojua hulazimika kuuzuia mkono wake.

Mtu atapinga: basi tumaini lenu ni zali, bahati tu, kama zali la duara. Sivyo. Anayebahatisha hana neno la kushikilia, ilhali Mkristo anadai tukio mahususi, kwamba aliyesulubiwa alifufuliwa, na Paulo mwenyewe alikubali kwamba dai hilo likiwa uongo imani yote ni bure. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba tumaini la namna hii ni geni kwa Mwafrika. Mwaka 1969 mwanatheolojia John Mbiti, kwa kutumia maneno yetu ya Kiswahili 'sasa' na 'zamani', alidai kwamba fikra za jadi za Kiafrika karibu hazina wakati ujao wa mbali. Alikosolewa sana, na naona kwa haki: watu wanaochimba miezi mingi kwa ahadi ya mgawo wa jiwe wasilolijua bado wanaufahamu vizuri wakati ujao.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji na makatekista: mama wa kijana aliyefukiwa na kifusi akiwauliza kwa nini Mungu aliruhusu, msimtungie sababu. Mwambieni hamjui, kisha kaeni naye matanga hadi yaishe.