Nani Hupanga Maisha ya Bweni?

Shule ya sekondari ya bweni, yaani shule ambamo mwanafunzi husoma, hula na hulala katika eneo moja muhula mzima, ni jamii kamili kabla ya kuwa mahali pa masomo, kwa kuwa vipindi vya darasani huchukua sehemu tu ya siku, ilhali mgawo wa chakula, usafi wa mabweni, ibada, michezo na ugomvi wa vijana hujaza saa zote zinazobaki. Kwa vijana wa Igawa, pale barabara kuu iendayo Zambia inapovuka Mto Mbarali, na kwa Usangu kwa jumla, swali la nani hasa hupanga maisha hayo lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na sehemu nzito ya historia hiyo iko Malangali, katika Wilaya ya Mufindi.

Shule ya Malangali ilifunguliwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza mwaka 1928, mahali ambapo miaka 12 kabla yake, Julai 1916, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamepigana. Mkuu wake wa kwanza, W. Bryant Mumford, aliamini kwamba shule za kikoloni zilikuwa zinamtenga mtoto na watu wake, na hakuwa peke yake katika imani hiyo: Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilikwisha kupendekeza elimu ifuatayo mazingira ya Mwafrika, na Gavana Donald Cameron naye alikuwa akijenga utawala wa kupitia machifu, ambao ulihitaji vijana wasomi wasioikana jadi. Kwa hiyo wavulana wa Kihehe, Kibena na Kisangu waliofika Malangali walikuta ngoma na kutupa mkuki vimo katika ratiba, wakavaa nguo za kujitanda, wakalala katika nyumba zilizofuata ujenzi wa makwao, na wazee wakaletwa shuleni kuwafunza mila. Mwaka 1930 Mumford aliueleza mpango huo katika jarida la kitaaluma la Africa, na jina la Malangali likasikika hadi Ulaya.

Mpango huo haustahili kubezwa, maana kumpa mzee asiyejua kusoma nafasi ya mwalimu ni jambo ambalo shule nyingi za leo hazijathubutu kulifanya. Kasoro yake ilikuwa kwingine. Mila za Wasangu au Wahehe zilikuwa na nguvu huko nyumbani kwa sababu ziliozesha watu, ziligawa ardhi na kuamua kesi, ilhali shuleni mwenye neno la mwisho alikuwa mkuu wa shule, na ngoma isiyo na mavuno wala harusi hugeuka kuwa mazoezi ya viungo. Isitoshe, mzazi aliyekubali kumkosa mchungaji wa ng'ombe wake alitarajia mwanawe arudi na Kiingereza na kazi ya mshahara, mambo aliyoyasikia kuhusu shule ya Tabora, iliyoanzishwa miaka michache kabla kwa ajili ya watoto wa machifu. Mumford alipoondoka, mpango wake haukudumu, na Malangali ikafuata njia ya shule nyingine za serikali.

Miaka karibu 40 baada ya majaribio hayo, Mwalimu Julius Nyerere aliligusa tatizo lilelile kwa upande wa pili. Waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, unakumbukwa zaidi kwa agizo la kila shule kuwa na shamba au karakana, lakini ndani yake mna sharti jingine ambalo halitajwi sana, kwamba wanafunzi washiriki kuamua shamba liendeshwe vipi na mapato yake yatumikeje. Jembe lilipokelewa, uamuzi ukabaki ofisini. Katika shule nyingi shamba liliishia kuwa mahali pa kumpeleka mwanafunzi aliyechelewa paredi, yaani mkusanyiko wa asubuhi wa shule nzima, na kazi iliyokusudiwa kuheshimiwa ikawa adhabu.

Hata leo maelekezo ya kujiunga na kidato cha kwanza, ambayo mzazi huyasoma akipiga hesabu ya fedha, hutaja ndoo, godoro, fagio, jembe na rimu ya karatasi, pamoja na orodha ndefu ya makatazo, lakini ni nadra kueleza mwanafunzi atakuwa na sauti gani katika jamii anayoingia. Sauti hiyo huifahamu bwaloni. Kiranja wa chakula husimama kando ya sufuria akihesabu upawa wa maharage kwa kila sahani, na siku maharage yakipungua, baraza la shule, yaani mkutano wa wanafunzi wote na uongozi wao mbele ya walimu, huwa na hoja kali zilizopangwa vizuri, kwa Kiswahili kisichotafuta maneno. Vijana haohao wakiingia katika mdahalo wa mwisho wa juma, ambao kwa kawaida huendeshwa kwa Kiingereza, wazungumzaji hubaki wachache walewale wenye ufasaha, na wengine kazi yao huwa kupiga makofi.

Michezo nayo huyumba kwa sababu haiko mikononi mwa wachezaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMISSETA, ambayo ni michezo ya shule za sekondari nchini, yalisimamishwa kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo, kisha yakarudishwa. Mtihani wa taifa ukikaribia, saa za jioni humezwa na vipindi vya ziada.

Mahali ambapo wanafunzi wa bweni hujitawala kwa kweli ni katika vyama vyao vya dini, jambo ambalo waandishi wa mitaala hawalizungumzii sana. UKWATA na TYCS kwa Wakristo, na TAMSYA kwa Waislamu, huchagua viongozi, hukusanya michango, huandaa makongamano na husoma taarifa ya fedha mbele ya wanachama, huku mwalimu akiwa mlezi tu. Kijana wa miaka 17 aliyewahi kuulizwa na wenzake nauli ya kongamano ilikwenda wapi amejifunza uwajibikaji ambao darasani huelezwa kwa maandishi ubaoni. Mahesabu ya mahindi ya shamba la shule yangeweza kusomwa vivyo hivyo, katika baraza lilelile linalojadili maharage, kwa maana idadi ya magunia yaliyovunwa na wanafunzi wenyewe si siri ya serikali.