Kiraka Juu ya Vumbi

Wasikilizaji, kila mara ni yale yale: tyubu imeachia barabarani, dereva wa bodaboda kaburuzwa kwenye lami na abiria wake, na ukikiokota kiraka unakuta kimebanduka kizima, upande wa chini vumbi tupu. Vumbi! Fundi kafuta tyubu kwa kiganja chenye grisi, kapaka solusheni, kabandika papo hapo. Na wewe mteja unayemhimiza kwa honi, maneno haya ni yako pia.

Vitu hushikanaje? Raba, plastiki, kioo: havipitishi umeme, lakini chaji zilizomo ndani ya molekuli zake hazitulii. Zinayumba wakati wote, na joto huzidi kuziyumbisha. Zikiyumba, zinaziyumbisha chaji za kitu cha jirani, na hapo vitu viwili huvutana. Mwanafizikia wa Kisovieti, Evgeny Lifshitz, alikokotoa mvutano huo katikati ya miaka ya 1950, mchango wa joto ukiwamo, na wanasayansi Derjaguin na Abrikosova waliupima hasa kati ya vipande vya kwatzi.

Sasa sikia balaa lilipo. Nyuso mbili bapa zikiachana kwa umbali mara mbili ya mwanzo, mvutano hupungua mara nane. Zikiachana mara kumi, inabaki sehemu moja ya elfu. Mvutano wa maana uko ndani ya nanomita chache, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Punje ya vumbi la barabarani ni maelfu ya nanomita! Mjusi kafiri hutembea darini kwa nguvu hizi hizi kwa sababu kila mguu wake una vinyweleo vingi mno, vinavyoigusa dari kwa karibu sana. Kiraka chako hakina.

Ndiyo, solusheni ina kemikali yake ya kuunganisha raba. Lakini itaunganisha nini ikiwa haijaigusa raba? Piga msasa mpaka mng'ao uishe, ondoa ungaunga wote, paka nyembamba, subiri ikauke. Subiri! Kisha ubandike, ugandamize kwa nguvu.

Soli za viatu vya watoto, hivyo hivyo. Jana nimemwona mtu akilamba kidole kusafisha tyubu. Mate! Wewe mwenye pikipiki, simama hapo utazame, na fundi akigusa ulimi, mnyang'anye hiyo tyubu.