Unga Kutoka Mawinguni
Ndugu zangu wa Meru na Arusha, askari wa Keya mmewasikia. Mwaka 1944 Waingereza waliwapeleka, wakiwemo vijana wa Tanganyika, kupigana na Wajapani huko Burma. Katika bonde la Kabaw mvua ilizidi, njia zikawa matope matupu, malori yakakwama. Basi ndege zikawa zinawaangushia chakula na risasi kwa miavuli. Hebu fikiri, unangoja unga utoke mawinguni! Desemba walifika Kalewa.

Vita viliisha 1945. Mwaka 1951 serikali hiyo hiyo ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ardhi wapewe walowezi. Nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kushtaki. Nauli walichanga wananchi wenyewe.